Bei Iliyopakwa Rangi ya Mafuta

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, maana barua yangu ya kuomba kibali cha kulitaja ipo mezani kwa ofisa fulani mwaka wa nne sasa, na nimeambiwa inashughulikiwa. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Anachotakiwa kujua ni kwamba ni nchi nzuri, ina serikali inayotupenda sana, na kwamba mimi, Mkumbukwa Lihanda, nilikuwa karani wa ubao katika Soko la Hatifungani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika bei kwa chaki. Hatifungani, kwa wasiozijua, ni karatasi ambayo serikali inakupa inapokukopa. Inachukua fedha yako leo, inaahidi kukurudishia baada ya miaka kumi, na kila miezi sita inakupa riba kidogo ili usiisahau. Ukipatwa na shida kabla ya miaka kumi kuisha, huendi kuidai serikali, kwani hiyo ni kukosa adabu. Unakuja sokoni kwetu, unamuuzia mtu mwingine karatasi yako, naye anakaa kusubiri badala yako. Kwa miaka sita niliyokaa pale, karatasi ya shilingi mia iliuzwa kwa shilingi mia, siku nyingine tisini na tisa, siku nyingine mia na moja. Chaki moja nilikuwa naimaliza kwa miezi miwili.

Halafu, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, redio ikatangaza kwamba mabenki ya nchi jirani yamefunga milango. Redio yetu ikaongeza kwamba jambo hilo halituhusu. Kufika saa mbili asubuhi, watu arobaini ambao halikuwahusu walikuwa wamepanga mstari mbele ya dirisha langu, wote wakitaka kuuza.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Bi Koleta Mang'enya.

Bi Koleta alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na mbili alishona majoho ya mahakimu, na fedha aliyoiweka akiba, shilingi milioni moja kamili, aliinunulia hatifungani kwa sababu mkuu wa wilaya alimwambia ndiyo uzalendo. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alinitazama kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe Mkumbukwa, au ni nguzo?"

"Ni mimi, mama."

"Haya. Daktari wa macho amekuja hospitali ya mkoa. Anakuja mara moja kwa mwaka, anakaa wiki mbili, kisha anaondoka. Jicho moja laki nne, mawili laki nane. Niuzie hii karatasi."

Nikageuka nyuma kutafuta mnunuzi. Upande wa wanunuzi tulikuwa na viti thelathini, vyenye mito. Aliyekaa alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Ngwali, muuza nyama wa sokoni, ambaye alikuwa amepita kulipia leseni yake ghorofa ya juu na kuamua kupumzisha miguu.

"Mzee Ngwali," nikamwita, "unanunua?"

Akaikuna shingo. "Wanangu wamekua. Fedha ninayo. Miaka kumi naweza kusubiri. Lakini nawaona hao arobaini, nami si mjinga. Nampa tisini."

Bi Koleta akapiga hesabu kwa vidole. Tisini kwa mia ilikuwa laki tisa. "Macho mawili, na nauli," akasema. "Nimekubali."

Nilikuwa nimeshika chaki tayari kuandika tisini, mlango mkubwa ukafunguka na Waziri wa Fedha na Utulivu akaingia.

Mheshimiwa Balthazari Ndimbo alikuwa na shahada nyingi kiasi kwamba mtu wa kumtambulisha alikunywa maji katikati. Aliuangalia mstari, akauangalia ubao uliokuwa bado na mia, akaona chaki mkononi mwangu.

"Wewe kijana, unataka kuandika nini hapo?"

"Tisini, Mheshimiwa. Ndiyo bei waliyokubaliana."

"Unajua hiyo mia ni nini?" akauliza kwa sauti ya upole mkubwa. "Hiyo mia ni heshima ya taifa. Leo utaandika tisini, kesho watoto wetu wataamka wakiwa asilimia tisini ya walivyolala."

Hoja hiyo ilinigusa sana, ingawa mpaka leo sijaielewa. Mheshimiwa akapanda juu ya kiti cha mnunuzi, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema soko letu limetikisika. Tazameni ubao! Nchi jirani bei zinaanguka kila saa. Hapa kwetu, je, imeanguka? Haijaanguka! Na haitaanguka, kwa sababu kuanzia sasa bei ya hatifungani ni mia, na atakayeuza chini ya hapo atahesabiwa kuwa mhujumu wa uchumi!"

Tukapiga makofi. Mzee Ngwali akavaa kofia yake.

"Kwa mia sinunui," akaniambia taratibu. "Nani anunue kwa mia?"

Akaondoka na laki tisa zake. Bi Koleta alisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nikampa namba ya foleni, namba moja, nikamwambia arudi kesho.

Kesho yake niliagizwa kuifuta mia ya chaki na kuichora upya kwa rangi ya mafuta, nyeupe, isiyofutika kwa maji. Niliifanya kazi ile kwa uangalifu. Sifuri zilitoka mviringo safi, na Mheshimiwa alipigwa picha nazo. Gazeti la serikali likaandika kwamba sisi ndio soko tulivu kuliko yote duniani, na kusema kweli takwimu zilithibitisha. Jumanne bei haikubadilika, Jumatano haikubadilika, Alhamisi nayo ikapita vilevile. Pia hakuna aliyeuza wala aliyenunua, lakini jambo hilo halikuwa na safu kwenye fomu.

Bi Koleta alikuja kila siku. Alikaa kwenye benchi la wauzaji, begi la nguo magotini, akipapasa vifungo vya joho ambalo hakuweza tena kulimalizia.

"Leo vipi, mwanangu?"

"Mia, mama."

"Mnunuzi?"

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo mia si bei," akasema. "Hiyo ni picha."

Niliangalia huku na huku kama kuna aliyesikia.

Siku ya Ijumaa kikaitishwa kikao cha dharura, ambacho kwenye barua kiliitwa kikao cha furaha ili kisiwatishe watu. Nilikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyebeba chai. Gavana wa Benki Kuu, Mzee Shekue, alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyevaa koti lilelile miaka yote. Alisubiri Mheshimiwa amalize kusifia ubao, kisha akasema:

"Mheshimiwa, tatizo letu ni ukwasi."

Aliposema ukwasi, Mzee Shekue alimaanisha wepesi wa mtu kuigeuza karatasi yake kuwa fedha taslimu siku anayoihitaji. Ndivyo wanauchumi wanavyolitumia neno hilo. Mheshimiwa, hata hivyo, alikuwa bingwa wa lugha. Aliomba kamusi, akafungua, akasoma kwa sauti: "Ukwasi. Utajiri mkubwa." Akaifunga.

"Kama soko limepungukiwa ukwasi," akasema, "tuleteeni wakwasi!"

Mzee Shekue akanisogezea kikombe chake nimwongezee chai.

Jumatatu ya wiki ya pili matajiri kumi waliletwa na magari ya serikali, wakakalishwa kwenye viti vya wanunuzi. Walipewa juisi ya ukwaju na korosho. Kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mwenyewe, ukwasi wa soko ulipanda kutoka sifuri hadi kumi, na saa sita mchana ukashuka hadi tisa kwa sababu mmoja alikwenda msalani. Tulipowauliza kama wangependa kununua, wakatazamana. Mmoja wao, mwenye viwanda vya magodoro, akaniita pembeni.

"Kijana, mimi nilidhani mmetuita tuuze."

Wote kumi walikuwa na hatifungani kwenye mifuko ya koti. Nikawapa namba. Foleni ikafika hamsini.

Siku hiyo jioni, wakati nakusanya vikombe, nilimkuta Mzee Shekue amesimama mbele ya ubao peke yake. Nikamuuliza, kwa heshima, kama hakuna dawa.

"Dawa ipo, na ni rahisi," akasema. "Benki Kuu inatangaza kwamba yeyote anayetaka kuuza, sisi tutanunua. Si kwa mia. Kwa bei yenye akili. Watu wakijua mnunuzi yupo, hofu inakwisha."

"Sasa mbona hamnunui, mzee?"

"Sheria inaturuhusu kununua wakati wa msukosuko tu. Na msukosuko umepigwa marufuku. Ubao ukisema mia, hakuna msukosuko, na mimi sina mamlaka." Akaivua miwani akaifuta. "Naweza kushtakiwa, unajua. Nimebakiza miezi saba nistaafu."

Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia, kwa sababu sifuri zile nilizichora mimi.

Jumatano, siku ya kumi, Bi Koleta alifika akiwa ameshikwa mkono na mwanamke asiyemfahamu, aliyemkuta katikati ya barabara. Goti lake lilikuwa na jeraha bichi.

"Nimeanguka kwenye mtaro," akasema, kama mtu anayesema kunanyesha. "Daktari anaondoka Ijumaa. Anafanya upasuaji wa mwisho kesho. Leo nikikosa, nangoja mwaka mzima, na mwaka mzima sijui nitaishi vipi, Mkumbukwa. Jana nimetia uzi kwenye sindano kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Haukuingia."

Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akilalamika, na hata hapo hakulalamika. Alinieleza tu. Nikamwachia karani mwenzangu dirisha, nikaenda mbio buchani kwa Mzee Ngwali, nikamkuta anakata mbavu.

"Mzee, njoo ununue."

"Mia?"

"Njoo tu."

Alikuja na aproni yake, fedha akiwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki. Lakini tulipoingia uani, tulimkuta mtu anatusubiri, Bwana Wendelini, shemeji yake Mheshimiwa Waziri. Alikuwa na sanduku la nguo, na lilipofunguka kidogo niliona halikuwa na nguo. Lilijaa hatifungani.

"Mzee," akamwambia Ngwali kwa mnong'ono, "nimesikia una fedha taslimu. Nakuuzia hizi kwa sitini. Hapahapa uani. Tusiandike popote."

Nilivutiwa na moyo wa kujitolea wa familia ile. Hadharani wakiilinda mia ya taifa, na uani wakikubali kupoteza arobaini zao bila kumsumbua mtu. Nikamwuliza Bwana Wendelini hatifungani ni za nani.

"Za mtu wa familia," akasema. "Mtu mwenye imani kubwa na soko."

Mzee Ngwali aliliangalia sanduku kwa muda. Alikuwa mfanyabiashara, na sitini ni nafuu.

"Hapana," hatimaye akasema. "Nyama naiuza mbele ya watu, kwenye mizani. Nikinunua kwako hapa gizani, kesho nikitaka kuuza nitamwambia nani nilinunua kwa ngapi? Nitanunua pale ndani, ubaoni, aliye namba moja."

"Namba moja ni Bi Koleta," nikasema.

"Basi Bi Koleta."

Tukaingia ukumbini. Watu hamsini walituangalia. Mzee Ngwali akasimama mbele ya Bi Koleta.

"Mama, siku ile nilikupa tisini. Leo siwezi. Siku ile nilikuwa nanunua karatasi inayouzika. Leo nanunua karatasi ambayo nimeona watu wakiishika siku kumi bila mnunuzi. Nakupa sabini na moja."

Bi Koleta akahesabu tena kwa vidole, polepole zaidi kuliko mara ya kwanza. Laki saba na elfu kumi.

"Jicho moja," akasema.

"Moja, mama. Na chenji."

"Moja linatosha kutia uzi. Lete."

Walipeana mikono. Kisha wote wawili wakageuka upande wangu, kwa sababu biashara haijakamilika mpaka bei iandikwe. Nilimwona mlinzi mlangoni. Nilimwona Bwana Wendelini akitikisa kichwa. Ningependa kusema niliwaza juu ya taifa, lakini niliwaza juu ya mshahara wangu, ambao ulikuwa unatoka siku tano baadaye. Nikamwomba Mzee Ngwali kisu chake cha buchani. Nikapanda kwenye kiti, nikaanza kuikwangua ile mia.

Rangi ilikuwa nzuri. Ilinichukua dakika ishirini. Ukumbi mzima ulisikia kisu kikikwaruza, na vipande vyeupe vikadondoka kwenye mabega yangu. Nilipomaliza nikachukua chaki, nikaandika 71.

Nilitegemea dari ianguke. Haikuanguka. Yule mwenye viwanda vya magodoro akasimama kwenye benchi la wauzaji.

"Sabini na moja?" akasema. "Kwa sabini na moja hata mimi nanunua."

Akahamia upande wa pili na kukaa kwenye kiti chenye mto. Baada ya robo saa walikuwa wanne. Mmoja akatoa sabini na tatu. Mwalimu mmoja mstaafu akauza, akahesabu fedha zake mara mbili, akalia kidogo, akaenda kununua bati. Chaki ikarudi kazini.

Bi Koleta hakuyaona hayo. Alikuwa ameshapanda bodaboda, fedha ameifunga kwenye khanga kiunoni, kuelekea hospitali ya mkoa.

Saa sita Mheshimiwa Waziri akaingia, na nyuma yake Mzee Shekue.

"Nani ameliangusha taifa?" Mheshimiwa akaunguruma.

"Ni Bi Koleta na muuza nyama, Mheshimiwa," nikajibu. "Mimi nilikwangua tu."

Kabla hajanijibu, Mzee Shekue alisogea mbele ya ubao. Alizisoma namba zile kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Mheshimiwa," akasema, "bei imeanguka rasmi. Imeandikwa. Maana yake kisheria msukosuko upo. Na kama upo, nina mamlaka."

"Unathubutu!"

"Nimebakiza miezi saba," Mzee Shekue akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Ndugu zangu! Benki Kuu inanunua hatifungani ya yeyote, leo, kesho na keshokutwa, kwa themanini na tano!"

Nilishika kitabu cha risiti nikitegemea watu watanikanyaga. Lakini jambo la ajabu likatokea. Nusu ya foleni ikaanza kuondoka.

"Huuzi?" nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa namba kumi na nane.

"Kumbe naweza kuuza kesho?" akasema. "Sasa leo ya nini? Riba yangu inatoka mwezi ujao." Akaenda zake.

Kwa siku nzima Benki Kuu ilinunua karatasi za watu saba tu. Mmoja wao alikuwa Bwana Wendelini, na sanduku lake. Kufikia wiki iliyofuata bei ilikuwa tisini na mbili, na nilikuwa nimemaliza chaki mbili.

Themanini na tano kwa mia ni laki nane na nusu. Macho mawili, na chenji. Kama Bi Koleta angesubiri kwa muda wa saa tatu tu, angepata yote mawili. Kama ningeandika tisini siku ile ya kwanza, angepata yote mawili na nauli. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa kwenye ngazi za hospitali siku ya Jumamosi, na karibu nigeuke nirudi.

Nilimkuta kitandani, jicho la kulia limefungwa pamba. Kando yake alikaa Mzee Ngwali na bakuli la maini, akidai maini yanajenga macho. Nikamweleza Bi Koleta kila kitu, zile themanini na tano, zile saa tatu, ile tisini niliyoshindwa kuiandika.

Akageuza uso upande wangu.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "uliogopa?"

"Niliogopa, mama."

"Nilijua. Nilisikia chaki ikikatika mkononi mwako." Akapokea kijiko kutoka kwa Mzee Ngwali. "Jicho moja mmelikalia wewe na waziri wako. Leo sitakusamehe. Njoo mwakani, likishapasuliwa la pili, tuongee. Sasa kula maini, yamezidi."

Nikala.

Mheshimiwa alitunukiwa nishani ya Utulivu, daraja la kwanza, kwa kubuni sera iliyoitwa Kushuka kwa Mpangilio. Mimi nilikatwa mshahara bei ya kopo moja la rangi, kisha nikahamishiwa kitengo cha kuhesabu viti. Mzee Shekue aliundiwa tume ya uchunguzi, ambayo bado haijakutana kwa sababu wajumbe hawajapata posho.

Miezi mitano baadaye serikali ikataka kukopa tena. Ukumbi ulijaa, najua kwani mimi ndiye niliyehesabu viti, na vilikuwa mia mbili na kumi. Mheshimiwa akatangaza riba ya asilimia kumi na tano, akatulia apigiwe makofi. Hakuna aliyepiga. Akapandisha hadi kumi na sita. Mtu mmoja akakohoa. Akafika kumi na nane, jasho likimtoka, na watu wakaendelea kumtazama tu.

Ndipo Bi Koleta akasimama katikati ya ukumbi, miwani mpya usoni, kioo kimoja kimezibwa na kitambaa alichokishona mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema, "riba tumeisikia. Mimi nauliza kitu kidogo. Siku nikiumwa, nikitaka kuuza, nani atakuwa amekaa pale ng'ambo, upande wa wanunuzi?"

Mheshimiwa akamgeukia katibu wake. Katibu akageukia jalada. Jalada lilikuwa na kurasa sitini na hapakuwa na jibu.

Mzee Shekue, aliyekuwa amebakiza miezi miwili, aliinuka kutoka meza kuu. Alikinyanyua kiti chake mwenyewe, akakibeba kupita mbele ya wakubwa wote, akakiweka nyuma ya dirisha lililokuwa langu, akakaa. Akachana karatasi kwenye daftari, akaandika maneno machache kwa kalamu ya wino na kuyabandika kwenye kioo. Mwandiko wake ulikuwa mdogo mno.

"Ameandika nini?" watu wa nyuma wakauliza.

Bi Koleta akasogea hadi dirishani, akainama, akasoma kwa jicho lake moja, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima:

"Tunanunua hapa. Hata siku mbaya."

Foleni ikaanza kupangwa, safari hii upande wa wanunuzi. Mimi nikaongeza viti.